Usiicheze Bado: Namna ya Kuitambua Kanda ya Sauti Iliyoanza Kuoza

Anayekabidhiwa kanda ya zamani, iwe ya kwaya ya parokia, ya ngoma za Acholi au ya taarifa ya habari ya Radio Uganda, hutamani kuitia mashineni papo hapo asikie kilichomo. Tamaa hiyo inaeleweka, na ndiyo ya kuizuia. Kanda iliyoanza kuoza inaweza kukaa kabatini miaka kadhaa na maneno yake yakabaki palepale. Ikipitishwa mara moja tu kwenye mashine, sauti hiyohiyo inaweza kubanduka ikabaki juu ya kichwa cha kusomea kama unga wa kahawia, na unga huo haurudi tena kwenye utepe. Kuicheza kanda ili kuona kama ni nzima ni sawa na kupima uimara wa chungu kwa kukidondosha.

Uchunguzi hutangulia. Sehemu yake kubwa hufanywa kwa macho, pua, vidole na taa ya mezani, wala haidai fedha nyingi. Inadai kujua unatafuta nini, na uanze na lipi.

Utepe umetengenezwa na nini?

Chini kabisa pana msingi wa plastiki. Juu yake kuna gundi iliyochanganywa na chembechembe za oksaidi ya chuma. Hizo ndizo zenye sumaku inayobeba sauti. Ndani ya gundi mna vilainishi vinavyousaidia utepe kuteleza mbele ya vichwa vya mashine. Kanda nyingi za studio zilizotengenezwa tangu miaka ya 1970 zina pia tabaka la mgongoni, jeusi lisilong'aa, lenye kaboni, lililopakwa ili utepe ujikunje vizuri na usikusanye umeme tuli.

Kila tabaka lina ugonjwa wake, na tiba ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza si kama kanda imeharibika. Swali la kwanza ni kama msingi wake ni asetati au poliesta, aina mbili za plastiki zinazooza kwa njia tofauti.

Jibu hutolewa na taa. Shika rili, yaani gurudumu linalokunjiwa utepe, wima mbele ya taa kali, mwanga upige ubavu wa utepe uliokunjwa, nawe utazame kutoka upande wa pili kupitia matundu ya sahani za rili. Mwanga ukipenya na mkunjo ukaonekana kama chai ya rangi ndani ya glasi, huo ni asetati. Ukiwa giza tupu, karibu kila mara ni poliesta. Yako mabaki machache ya aina nyingine, kama karatasi au PVC iliyotumika katika baadhi ya kanda za Ujerumani, lakini hizo hukutani nazo kila siku. Kama utepe uliwahi kukatika, tazama ncha zake: asetati hukatika mkato safi kama tambi kavu, ilhali poliesta huvutika kwanza, ikawa nyembamba na kujiviringa, ndipo ikatike. Usiukate wala kuuvuta kwa makusudi ili upate jibu hilo.

Tarehe nayo husaidia. Asetati ilitumika tangu siku za kwanza za kanda nchini Ujerumani miaka ya 1930 hadi ilipoachwa karibu na mwanzo wa miaka ya 1970; poliesta ilianza kuingia miaka ya 1950. Basi rili iliyorekodiwa Kampala mwaka 1956, miaka michache baada ya redio ya serikali kuanza matangazo, huenda ikawa ya asetati. Ya mwaka 1982 karibu hakika ni poliesta. Kaseti, ambazo Philips ilizileta mwaka 1963, ni za poliesta. Ila tahadhari na boksi. Kanda zilikuwa ghali, zikafutwa na kurekodiwa upya, zikarudishwa kwenye maboksi yasiyo yake. Soma kilichoandikwa juu ya boksi, lakini uamini unachokiona kwenye utepe wenyewe.

Harufu ya siki

Asetati ikikutana na unyevu kwa miaka mingi hutoa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo kwenye siki. Ubaya wake ni kwamba asidi hiyo huharakisha uozo uliouzaa. Kanda ikishafika kiwango fulani, uharibifu hujiendesha wenyewe na kasi huongezeka. Mvuke wake pia husambaa na kuzichochea kanda jirani za asetati zilizofungiwa pamoja nayo.

Fungua boksi na unuse hewa inayotoka mara ya kwanza, bila kuingiza pua ndani, maana huenda mna kuvu. Pua hata hivyo huchoka, na baada ya boksi la kumi haisemi kweli tena. Kwa sababu hiyo hifadhi nyingi hutumia vipande vya karatasi vya A-D, vilivyobuniwa na Image Permanence Institute ya Marekani kwa ajili ya filamu na vikafaa pia kwa kanda. Kipande huwekwa ndani ya boksi lililofungwa kwa angalau saa 24 katika joto la kawaida la chumba. Ni cha buluu. Asidi inavyozidi hugeuka kijani, kisha njano. Rangi hulinganishwa na kipimo chenye ngazi 0 hadi 3. Ngazi ya 1.5 ndiyo mahali uozo unapoanza kujiendesha, na kanda iliyoivuka inapaswa kutangulia kwenye foleni ya kunakiliwa.

Kisha tazama umbo. Asetati inayooza husinyaa upande mmoja kuliko mwingine, utepe ukapinda kama mfereji wa bati au kingo zake zikawa na mawimbi. Utepe wa namna hiyo haulali bapa mbele ya kichwa, na sauti hutoka hafifu, ikipanda na kushuka. Hata hivyo, harufu ya siki peke yake haimaanishi kwamba kanda imekufa. Nyingi bado huchezeka kwenye mashine yenye mvuto mdogo, inayoanza na kusimama taratibu. Jambo moja halina mjadala: kanda ya asetati haiokwi, yaani haitiwi kwenye joto la tanuri kama zinavyofanyiwa baadhi ya kanda za poliesta. Joto huikausha, ikawa kama jani la mgomba la kiangazi.

Gundi iliyokunywa maji

Ugonjwa unaosumbua zaidi kanda za poliesta haumo kwenye plastiki. Umo kwenye gundi. Watengenezaji wengi walitumia poliuretani, ambayo ni minyororo mirefu ya molekuli iliyounganishwa kwa viungo vya esta. Molekuli za maji kutoka hewani huviingia viungo hivyo na kuvikata; wanakemia huita kitendo hicho hidrolisisi. Mnyororo mrefu huwa vipande vifupi vyenye asidi na alkoholi. Vipande vifupi havishikani. Ni laini, vinanata, na huvuta maji zaidi.

Kanda zinazojulikana kwa ugonjwa huu ni zile zenye mgongo mweusi za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Ampex 406 na 456 ndizo zinazotajwa zaidi, pamoja na Scotch 226 na 250. Ukiona namba hizo, hesabu kwamba kanda ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama inang'aa kama mpya. Katika mazingira ya Kampala, Jinja au Entebbe, penye ziwa jirani na misimu miwili ya mvua kwa mwaka, chumba kisichokaushwa hewa huipa gundi maji ya kunywa karibu mwaka mzima. Kanda ya aina ileile iliyokaa Karamoja, kwenye ukame, inaweza kuwa na hali nafuu. Hivyo usiihukumu kanda kwa jina la kiwanda pekee. Uliza pia ilikaa wapi.

Kipimo cha mkono ni hiki. Vaa glovu safi zisizoacha nyuzi. Simamisha rili ili izunguke kwa uhuru, shika ncha ya utepe, uifungue polepole mita moja au mbili. Utepe mzima huachana na mkunjo wenyewe, kwa uzito wake tu. Utepe mgonjwa hung'ang'ania: hufuata mkunjo kupita pale ulipopaswa kuachia, kisha hubanduka kwa mikikimikiki, pengine kwa sauti ndogo kama ya plasta inayotolewa kwenye ngozi. Ukiona madoa ya kahawia yamehamia kwenye mgongo wa mzunguko wa jirani, simama hapohapo. Hapo gundi imeshabanduka, na kila sentimita unayoendelea kuvuta inaweza kuwa silabi ya mtu.

Lakini mita mbili za nje haziisemei rili nzima. Mizunguko ya juu hupata hewa na huweza kukauka, huku ya katikati ikiwa imebanwa na unyevu wake. Ikiwa ya nje imepita, endelea kufungua kwa mkono, au kwa mashine ya mwendo mdogo ambayo utepe umepitishwa kando ya vichwa na vilekezo (vyuma vinavyoongoza utepe) visivyozunguka, hadi ufike ndani, ukisikiliza na kutazama. Usitumie kabisa mwendo wa kasi wa kurudisha nyuma. Pua nayo ina la kusema: kanda za aina hii mara nyingi huelezwa kuwa na harufu ya nta, kama kalamu za rangi za watoto. Ni dalili ya kukutahadharisha tu, usiitolee hukumu.

Ni kwa nini uchafu kidogo hivyo uwe na uzito? Kwa sababu sauti imeandikwa kwa mawimbi mafupi mno. Utepe ukikimbia sentimita 19 kwa sekunde, mlio wa mizunguko 10,000 kwa sekunde huchukua urefu wa maikromita 19 tu. Kila utepe unapoinuliwa kutoka kwenye kichwa kwa umbali sawa na urefu wa wimbi moja, nguvu hupungua kwa desibeli 55 hivi. Kwa hiyo uchafu wa maikromita 5, mwembamba sana kuliko unywele, hunyang'anya desibeli 14 za sauti hizo za juu. Ndizo zinazobeba "s" na "f" katika usemi na mng'ao wa njuga katika ngoma. Kwenye kaseti, inayokwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, maikromita moja tu hupoteza desibeli zaidi ya 11. Anayesikia kanda "imefifia" mara nyingi anasikia gundi iliyoganda kwenye kichwa, na wakati huohuo gundi hiyo inazidi kukwangua.

Kuoka, na wakati wa kutooka

Kanda ya poliesta iliyothibitika kunata huweza kuokolewa kwa muda kwa joto la chini. Ampex yenyewe ilipewa hataza ya njia hiyo mwaka 1993. Joto linalotajwa zaidi ni nyuzi 54 za Selsiasi, kwa saa 8 hivi kwa utepe wa robo inchi, na zaidi kwa tepe pana. Rili hugeuzwa mara kwa mara ili joto lienee, kisha huachwa ipoe kwa muda usiopungua ule iliokaa kwenye joto. Kuoka hakuponyi. Hufukuza maji na kuipa gundi ugumu wa kutosha kwa wiki kadhaa, na katika muda huo kanda inapaswa iwe imenakiliwa.

Kifaa kinachofaa ni tanuri la maabara, au kikaushio cha umeme cha matunda chenye kidhibiti cha joto, kikiwa na kipimajoto cha pembeni kilichowekwa karibu kabisa na rili. Vikaushio vya jua vinavyokausha mananasi na maembe havifai, kwa kuwa joto lake hufuata mawingu. Oveni ya jikoni hupitiliza. Maikrowevu ni uharibifu wa hakika. Umeme ukikatika katikati si janga: andika saa, usubiri, uendelee. Janga ni joto kupanda bila mtu kujua. Anza daima na kanda isiyo na thamani ya aina ileile na ya miaka ileile.

Kuna kanda inayopiga mayowe ikichezwa, lakini haiachi uchafu wowote kichwani na haing'ang'anii mkunjo. Hiyo mara nyingi huelezwa kuwa imepoteza vilainishi, na kuioka hakuisaidii. Tofauti hii hupuuzwa sana, na ndiyo sababu kanda zisizohitaji joto hutiwa tanurini. Futa kichwa kwa pamba iliyolowa alkoholi ya isopropili, uitazame pamba: ikiwa safi, tafuta ugonjwa mwingine.

Je, maabara inaweza kuona zaidi?

Inaweza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina wakishirikiana na Maktaba ya Bunge la Marekani walichapisha mwaka 2015 njia inayotumia mwanga wa infraredi. Utepe hugandamizwa kidogo juu ya fuwele. Mwanga unaozunguka ndani ya fuwele hupenya uso wa utepe kwa kina cha maikromita chache na kurudi ukiwa umepungukiwa katika mawimbi yale ambayo viungo vya molekuli huyameza. Viungo vya esta vikiwa vimekatwa, mchoro hubadilika. Jicho haliwezi kuusoma mchoro huo kwa uhakika, kwa hiyo hesabu za takwimu hufunzwa kwa kanda ambazo hali yake imeshathibitishwa kwa kuchezwa, kisha hutumika kuzipambanua kanda ngeni. Kwa tepe za robo inchi, njia hiyo ilipambanua nzima na gonjwa kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90, tena bila kukata kipande.

Faida yake kubwa ni kwa hifadhi zenye maelfu ya rili, ambako kuoka kila moja kwa hofu ni kupoteza miezi. Kifaa cha kupimia kwa mwanga huo si kigeni kwa idara za kemia za vyuo. Kinachokosekana ni kielelezo cha takwimu kilichofunzwa kwa kanda zilizozeeka katika hali ya hewa yetu, na hicho hakinunuliki. Kinajengwa na mtunza kumbukumbu na mwanakemia wakiketi meza moja. Thamani ya kuokoa kanda mapema inaonekana Chuo Kikuu cha Makerere, ambako nakala za kidijitali za rekodi za Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, zilirudishwa kutoka British Library. Muziki uliorekodiwa nchini kati ya 1949 na 1952 unasikika hapo leo kwa sababu ulinakiliwa kabla haujachelewa.

Kuvu, wadudu na mkunjo mbovu

Kuvu huonekana ubavuni mwa mkunjo kama vumbi jeupe, la kijivu au jeusi lenye vinyweleo. Iliyo hai hupakaa ukiigusa kwa kijiti, iliyolala hupukutika. Itenge kanda hiyo mara moja, uiache chumba kikavu mpaka kuvu ilale, kisha uisafishe kwa brashi laini nje ya jengo, ukivaa barakoa ya N95. Unga mweupe usio na vinyweleo unaweza kuwa kitu kingine, yaani mafuta ya vilainishi yaliyojitokeza na kuganda. Tumia lenzi ya kukuzia kabla ya kutaja jina. Tafuta pia vinyesi vya mende na njia za mchwa kwenye boksi.

Mkunjo wenyewe hueleza historia. Mapengo kati ya mizunguko, mikunjo iliyojipinda kama kitambaa, au mistari inayotoka kitovuni kama njiti za baiskeli, vyote ni dalili kwamba utepe ulipanuka na kusinyaa mara nyingi. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni kinaweza kuleta madhara hayo, na kwa kanda ni afadhali chumba kisicho na kiyoyozi lakini chenye joto lisiloyumba.

Kaseti

Ingiza penseli ya pembe sita kwenye kitovu uzungushe polepole. Inapaswa kwenda laini. Ikikwama na kuachia, usiitie mashineni. Chungulia katikati ya mdomo wa kaseti: pana kijisponji juu ya bamba la shaba kinachousukuma utepe kwenye kichwa, na gundi yake huisha, kikadondoka. Kama ganda lina skrubu, lifungue na uhamishie utepe kwenye ganda zima. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba wa maikromita 9 hivi, nusu ya ule wa dakika 60, hivyo zishughulikie kwa uangalifu maradufu. Vunja pia vile vijibamba viwili vya nyuma kabla ya jambo lolote, ili kitufe cha kurekodi kisiweze kushuka.

Siku ya kuicheza

Kanda iliyotoka chumba cha nyuzi 20 ikiingizwa kwenye hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 70 hulowa, kwa sababu umande wa hewa hiyo huanza kutua kwenye nyuzi 22. Iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa saa 24 izoee. Safisha vichwa na vilekezo kwanza, ili uchafu wowote utakaouona baadaye ujue ni wa kanda hii. Washa kinasa cha kidijitali tangu sekunde ya kwanza, biti 24 na kiwango cha kHz 96 kama IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, inavyopendekeza, kwa kuwa mchezo wa kwanza unaweza kuwa wa mwisho.

Cheza dakika mbili, simamisha, inua utepe mbali na vichwa, uvitazame. Vikiwa safi, endelea. Vikiwa na kahawia, usiuache utepe ukigusa chuma hata kwa muda wa kupokea simu: ukikauka hapo utang'oka na tabaka lake. Uondoe, uukunje kwa mkono, na uandike kwenye kadi ya kanda aina yake, msingi wake, dalili ulizoziona na dakika ulipofika. Kama iliokwa, andika na tarehe, kwa sababu wiki zake zimeshaanza kuhesabika.